Ubao wa Zahanati Sasa Uko Mfukoni: Jinsi Takwimu za Afya Zinavyosomwa Kwenye Simu

Kwa miaka mingi, mkazi wa Migori au Homa Bay aliyetaka kujua hali ya afya ya eneo lake alikuwa na mahali pamoja pa kuangalia: ubao mweusi uliotundikwa ukutani kwenye zahanati. Ubao huo una jina rasmi serikalini, MOH 516. Uliandikwa kwa chaki, na aliyepita aliweza kusoma ni nyumba ngapi zina choo, ni watoto wangapi wamekamilisha chanjo na ni akina mama wangapi wamejifungulia hospitalini.

Nambari za ubaoni zilikuwa na safari ndefu. Mhudumu wa afya ya jamii, ambaye wengi humuita nyamrerwa kwa Kijaluo, alipita nyumba hadi nyumba akijaza rejista ya MOH 513. Huduma alizotoa kila siku aliziandika kwenye MOH 514. Mwisho wa mwezi msimamizi wake alikusanya rejista zote, akajumlisha kwa mkono na kujaza fomu ya MOH 515. Hapo ndipo chaki ilipochukuliwa. Wiki zilipita kati ya mtoto kuugua na ubao kusema kitu.

Mambo yalianza kubadilika kwa kasi mwezi wa Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilipozindua mpango wa kuwapa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii kote nchini mifuko ya vifaa vya kazi. Pamoja na mashine ya kupima shinikizo la damu, kipima joto, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto, mpango huo uliwapa pia simu janja. Ndani ya simu kuna programu ya mfumo wa kielektroniki wa taarifa za afya ya jamii, unaojulikana kwa kifupi kama eCHIS.

Ndiyo maana siku hizi mhudumu anapobisha hodi Muhuru Bay, Uriri, Ndhiwa au Kasipul, hatoi tena daftari kubwa. Anatoa simu. Wakazi wengi wamejiuliza: anaandika nini humo, na kioo kidogo namna hiyo kinawezaje kubeba habari za watu wote hawa?

Habari nyingi, kioo kidogo

Tuanze na ukubwa wa kazi. Katika sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Homa Bay ilihesabiwa kuwa na watu 1,131,950, na Kaunti ya Migori watu 1,116,436. Kila kaunti ina wadi 40. Kwa pamoja kaunti hizi mbili zina nyumba zaidi ya nusu milioni. Ikiwa kila nyumba itatembelewa mara moja kwa mwezi na kuulizwa maswali 10 tu, majibu ya mwezi mmoja yatapita milioni 5.

Sasa tazama kioo cha simu. Upana wake ni kama vidole vinne vya mtu mzima. Ukipanga majina kwa maandishi yanayosomeka bila kukunja macho, labda majina 8 yatatosha kwa wakati mmoja. Kitengo kimoja cha afya ya jamii huhudumia takribani watu 5,000. Mtu akitaka kuwapitia wote kwa kuvuta orodha kwa kidole, atavuta skrini 625. Hakuna mhudumu mwenye muda huo, na hata angekuwa nao, akifika mwisho atakuwa amesahau alichoona mwanzo.

Kwa hiyo kupunguza maandishi ili mengi zaidi yatoshee hakusaidii. Kinachosaidia ni kuchagua nini kionekane kwanza, nini kingoje, na nini kisionyeshwe kabisa mpaka kiitwe.

Kama mnunuzi wa omena

Mwaka 1996, Ben Shneiderman, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliandika kanuni ambayo waundaji wa programu wanaifuata hadi leo. Kwa lugha nyepesi, kanuni hiyo inasema: anza na picha nzima, kisha karibia na uchuje, halafu toa undani pale tu mtu anapouhitaji.

Mnunuzi wa omena pale Mbita au Sori anaijua kanuni hii bila kusoma kitabu. Akifika ufuoni alfajiri, haanzi kukagua samaki mmoja mmoja. Kwanza anatupa jicho juu ya nyavu zote zilizoanikwa. Kisha anawaacha wenye omena mbichi na kuwaendea wachache ambao omena yao imekauka. Mwishowe anachota kiganja kimoja, anakinusa, anaangalia kama kuna mchanga. Jicho limetoka kwenye ufuo mzima hadi kwenye kiganja kwa dakika chache.

Programu ya mhudumu inafanya vivyo hivyo. Akiifungua asubuhi, hakutani na jedwali la nyumba zake zote 100. Anakutana na orodha fupi ya kazi zinazomngoja: mama mjamzito anayefaa kutembelewa, mtoto aliyetibiwa malaria na anayepaswa kuangaliwa tena, mgonjwa aliyetumwa hospitalini ambaye haijajulikana kama alifika. Kazi iliyopitwa na wakati hupanda juu na kuonyeshwa kwa rangi nyekundu. Akigusa jina moja, ndipo habari za mtu huyo hufunguka.

Sehemu nyingine ya programu inaonyesha malengo. Hapa hakuna orodha ya majina. Kuna milia mifupi inayojaa kadiri kazi inavyofanyika, ili mhudumu aone mara moja kama mwezi unakwenda vizuri au la.

Kila mmoja na upeo wake

Si kila simu inaona kila kitu. Simu ya mhudumu hubeba habari za nyumba anazozihudumia tu. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni siri: mhudumu wa Awendo hana haja ya kujua nani anaumwa Rongo. Ya pili ni uwezo wa simu yenyewe. Programu hii imeundwa ifanye kazi hata mahali pasipo na mtandao, kwa hiyo habari huhifadhiwa ndani ya simu na kutumwa baadaye mtandao ukipatikana. Simu ya bei ya kawaida ingelemewa ikibebeshwa kaunti nzima.

Msimamizi wa wahudumu huona kazi ya kikundi chake kizima. Maafisa wa kaunti ndogo na wa kaunti hutazama jumla kupitia Mfumo wa Taarifa za Afya wa Kenya, ambao tangu mwaka 2011 unatumia programu ya DHIS2, iliyotengenezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Kwenye ngazi hii hakuna majina ya wagonjwa. Kuna hesabu, grafu na ramani.

Kwa maneno mengine, kadiri habari inavyopanda, ndivyo majina yanavyobaki nyuma na hesabu kwenda mbele.

Rangi, asilimia na kisiwa cha Remba

Kufupisha kuna hatari zake, na anayesoma takwimu kwenye kioo kidogo anaweza kudanganyika kwa urahisi kuliko anayesoma karatasi pana. Yapo mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni asilimia. Chukua vijiji viwili vya mfano. Kijiji cha kwanza kina watoto 4 wa umri wa kuchanjwa, na 3 wamechanjwa. Kijiji cha pili kina watoto 120, na 90 wamechanjwa. Kwenye simu vyote viwili vitaandikwa 75%, kwa rangi ile ile. Lakini katika kijiji cha kwanza anatafutwa mtoto mmoja, na katika cha pili wanatafutwa watoto 30. Anayepanga kupeleka chanjo na muuguzi kwa kuangalia asilimia peke yake atakosea. Mlia mzuri kwenye simu huandikwa nambari zote mbili: waliofikiwa, na waliopaswa kufikiwa.

La pili ni rangi. Nyekundu, manjano na kijani hueleweka haraka, lakini wapo watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani. Tena saa sita mchana ufuoni, jua likipiga kioo, rangi zote hufifia. Kwa sababu hiyo rangi inafaa kufuatana na neno au alama: "imechelewa", "imekamilika".

La tatu ni ramani. Kila mtu hupenda ramani kwa sababu hutambua kwao mara moja. Lakini kwenye ramani, eneo kubwa huvuta jicho hata kama lina watu wachache. Sehemu pana za Nyatike hujaza kioo, ilhali mitaa ya mji wa Migori yenye watu wengi huwa doa tu. Mfano mkali zaidi ni visiwa. Remba, katika Kaunti ya Homa Bay, ni kisiwa kidogo mno chenye nyumba za mabati zilizobanana na wavuvi wengi. Kwenye ramani ya simu, Remba ni nukta ambayo kidole hakiwezi hata kuigusa bila kugusa maji. Migingo nayo ni hivyo hivyo. Mlipuko wa ugonjwa ukitokea kwenye nukta kama hiyo, ramani inaweza isimshtue mtu yeyote. Orodha iliyopangwa kuanzia eneo lenye wagonjwa wengi zaidi ingeliweka jina la Remba juu kabisa.

Kwa kioo kidogo, basi, milia iliyolala yenye majina ya wadi pembeni mara nyingi husema ukweli kuliko ramani ya kupendeza.

Mahali palipo kimya

Kosa la hatari kuliko yote, hata hivyo, ni la kuchanganya vitu viwili vinavyofanana sana kwenye skrini: "hakuna mgonjwa" na "hakuna ripoti".

Kijiji ambacho mhudumu amekitembelea na hakukuta mtu mwenye kuhara kinastahili kuandikiwa sifuri. Kijiji ambacho simu ya mhudumu iliisha chaji, au hakikupata mtandao kwa wiki nzima, hakina sifuri. Kina pengo. Skrini isiyotenganisha hali hizi mbili huvipaka vijiji vyote viwili rangi ya amani.

Kaunti hizi zinajua gharama ya kuchelewa kuona. Mwaka 2015 kipindupindu kiliripotiwa Migori na Homa Bay pia. Ni ugonjwa unaoweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache asipopata maji ya chumvi na sukari na matibabu. Katika ugonjwa wa namna hiyo, siku tatu za ukimya kutoka kijiji kimoja si jambo la kungojea mwisho wa mwezi.

Kuna kisa mashuhuri kinachofundisha jambo hili. Mwaka 1854 kipindupindu kiliangamiza watu katika mtaa wa Soho jijini London. Daktari John Snow alichora ramani na kuweka alama kwa kila kifo penye nyumba ya marehemu. Alama zilirundikana kuzunguka pampu moja ya maji katika barabara ya Broad Street. Habari hiyo inajulikana na wengi. Kinachosahaulika ni kwamba Snow aliuliza pia kuhusu mahali ambapo alama hazikuwepo. Karibu na pampu hiyo kulikuwa na makao ya maskini yenye watu 535, lakini waliokufa walikuwa 5 tu. Aligundua kwamba makao hayo yalikuwa na kisima chake. Kulikuwa pia na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa kipindupindu. Wafanyakazi walipewa pombe ya kunywa na walikuwa na kisima chao. Mapengo hayo, baada ya kuulizwa, yalithibitisha kwamba tatizo lilikuwa maji ya pampu ile. Mwezi wa Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

Snow hakuwa na simu wala kompyuta. Alikuwa na ramani, na mazoea ya kwenda kugonga mlango pale ambapo karatasi ilikuwa kimya. Simu janja haiondoi wajibu huo. Ndiyo maana msimamizi makini, kabla ya kutazama nambari, hutazama kwanza tarehe: simu hii ilituma taarifa lini mara ya mwisho? Nambari nzuri ya wiki tatu zilizopita si habari ya leo.

Mtoto wa miezi 24

Faida ya mfumo huu inaonekana wazi zaidi kwenye chanjo ya malaria. Tarehe 13 Septemba 2019, Kenya ilizindua chanjo hiyo huko Ndhiwa, Homa Bay, na Migori ni miongoni mwa kaunti za ukanda wa ziwa zilizoingia kwenye mpango wa majaribio. Katika utaratibu ulioanza nao, mtoto alipewa dozi akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24.

Tazama nafasi kati ya dozi ya tatu na ya nne: miezi 15. Kufikia hapo mtoto anatembea, mama ameacha kumpeleka kliniki kila mara, labda familia imehama kutoka Karungu hadi Homa Bay mjini, na kitabu cha kliniki kimebaki kwa nyanya. Katika rejista ya karatasi, jina la mtoto huyo liko ukurasa ulioandikwa zaidi ya mwaka mmoja uliopita, na hakuna anayerudi kuufungua.

Hapa ndipo kuchuja kunapookoa. Programu inayojua tarehe ya kuzaliwa inaweza kumpa mhudumu majina ya watoto wanaotimiza umri wa dozi mwezi huu na kuficha wengine wote. Kati ya mamia ya watu, skrini inabaki na majina matatu au manne. Mhudumu anajua aende boma lipi leo.

Lakini hilo linawezekana tu kama tarehe ya kuzaliwa iliandikwa sawasawa. Mzazi akikadiria kwa miezi miwili, jina la mtoto litatokea kwa kuchelewa kwa miezi miwili, hata simu iwe nzuri namna gani. Kumwonyesha mhudumu kitabu cha kliniki ni bora kuliko kujibu kwa kukumbuka.

Siri ya nyumba

Swali ambalo wakazi huuliza kwa sauti ya chini ni hili: nani mwingine anaona? Ni swali la haki, hasa katika maeneo ambayo habari za ugonjwa wa mtu zikivuja zinaweza kuvunja ndoa au kumfukuzisha mtu kazi.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mkazi haki ya kuelezwa habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 nayo inaweka masharti ya namna habari za afya zinavyotunzwa.

Kioo kidogo kina udhaifu wake hapa pia: kinasomeka na aliyesimama nyuma ya bega. Mkazi anaweza kumwomba mhudumu wakae mahali pa faragha kabla ya kuanza maswali, na kuomba kuonyeshwa kilichoandikwa kuhusu nyumba yake kabla simu haijafungwa. Ombi hilo si utovu wa adabu.

Mkazi aulize nini

Simu imehamisha nambari kutoka ukutani hadi mfukoni, na hapo kuna jambo la kuzingatia. Ubao ulisomwa na yeyote aliyepita. Simu husomwa na aliyeishika. Kwa hiyo ni muhimu zaidi sasa kuliko zamani wakazi waombe nambari zirudishwe kwao, kwenye ubao wa zahanati na kwenye siku za mazungumzo ya jamii zinazopangwa kufanyika kila robo ya mwaka. Jumla zisizo na majina si siri ya mtu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Mkazi anayeonyeshwa grafu kwenye simu au ubaoni anaweza kuuliza maswali haya matano:

1. Nambari hizi ni za tarehe gani, na taarifa ya mwisho ilitumwa lini?
2. Ikiwa ni asilimia, ni watu wangapi kati ya wangapi?
3. Ni vijiji gani ambavyo havijaleta ripoti, na kwa nini?
4. Rangi nyekundu hapa ina maana gani, na nani aliamua ianzie wapi?
5. Kijiji changu kiko wapi katika orodha hii, na ni hatua gani itachukuliwa?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na mara nyingi jibu lake wanalo wakazi wenyewe. Wao ndio wanaojua kwamba mhudumu wa mtaa wao amehama, kwamba simu yake ilianguka ziwani, au kwamba nyumba tano mpya zimejengwa kando ya barabara na hazijaandikishwa popote. Mkazi ambaye nyumba yake haijatembelewa anaombwa amwone msimamizi wa afya ya jamii katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, akiwa na vitabu vya kliniki vya watoto, ili nyumba iandikishwe.